Safari ya Wawili: Matayarisho ya Mke na Mume Waendao Kujitolea Ughaibuni

Nyinyi wenzi mlioketi safu za mbele, ambao baadhi yenu mmekwisha kupokea barua za kukubaliwa na baadhi mngali mkizingojea:

Nimeombwa niseme juu ya matayarisho ya mke na mume wanapoazimia kuacha nyumba yao, jamaa zao na kazi zao, wakaenda nchi ya mbali kuwatumikia watu wasiowajua, kwa posho ya kujikimu wala si kwa mshahara. Ningeweza kuanza kwa kutaja vitu vya kutiwa masandukuni, maana hilo ndilo swali niulizwalo mara nyingi kuliko mengine. Lakini kila taasisi huwapa watu wake orodha ya vitu hivyo, tena iliyochapwa vizuri, na mtu mzima ajuaye kusoma hana haja ya kusomewa. Nitakalolisema mimi halimo katika orodha. Ni kwamba wenzi waendao kujitolea sharti waondoke wakiwa watu wawili waliojitolea, kila mmoja kwa ikhtiari yake na kwa kazi yake mwenyewe, asiwepo kati yao mmoja aliyekata shauri na mwingine aliyechukuliwa; na kwamba ikhtiari hiyo haitimii mpaka haki za wale wanaoachwa nyuma ziwe zimetengenezwa kwa uwazi, kwa maneno yaliyosemwa mbele ya watu na kwa hati zilizotiwa sahihi.

Desturi ya mtu kutoka kwao akaenda kuwafaa wengine pasipo kutafuta faida ni kongwe, lakini taasisi zinazoipanga kama tuijuavyo leo hazijawa na umri mkubwa, na tukizitazama tangu chanzo chake twaona kwamba wenzi wa ndoa walikuwamo tangu siku za awali. Mwaka 1958 huko Uingereza, Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha shirika la kujitolea la VSO, ambalo kwanza lilipeleka nje vijana waliokuwa wametoka shuleni, kisha likaelekea kwa wahitimu wa vyuo, na baadaye kwa walimu, wauguzi, waganga na mafundi wenye ujuzi wa miaka. Nawataja wote wawili kwa makusudi, kwa sababu masimulizi mafupi hupenda kumtaja mume peke yake, ilhali kazi ile ilikuwa ya nyumba nzima: wawili hao walikuwa wamekwisha kufanya kazi pamoja katika nchi za mbali, na baada ya maasi ya Hungaria ya mwaka 1956 walikwenda pamoja kwenye mpaka wa Austria kuwasaidia wakimbizi waliokuwa wakivuka.

Kwa upande wa Marekani, usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 1960, yapata saa nane, John F. Kennedy, ambaye wakati huo alikuwa mgombea tu, alisimama kwenye ngazi za jengo la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, akawauliza vijana waliomngoja kama wangekuwa tayari kutoa miaka ya umri wao kutumikia nchi nyingine. Hotuba ile ilikuwa fupi, na pengine ingalisahauliwa lau si mke na mume mmoja, Alan na Judith Guskin, wote wawili wanafunzi, ambao waliandika barua katika gazeti la chuo, wakawahimiza wenzao nao waandike, wakakusanya sahihi za watu walio tayari kwenda. Tarehe 1 Machi 1961 Kennedy, akiwa amekwisha kuwa Rais, alitia sahihi amri iliyounda shirika la kujitolea la Peace Corps. Ninalolistahi zaidi katika habari hii ni lililofuata: mke na mume wale hawakuridhika na kuwa wameandika barua, bali walijiandikisha wenyewe wakaenda Thailand. Walitoka pamoja kwa neno walilolisema pamoja, tena hadharani; na sidhani kuna mfano mwema kuliko huo wa kuwaonyesha wenzi walio mbele yangu leo.

Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwapokea watu wa Peace Corps. Wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia waliwasili mwaka huo huo wa 1961, kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa tarehe 9 Desemba, nao walikuwa wamefundishwa Kiswahili kabla ya kufika. Baada yao walikuja walimu, na wazee waliosoma sekondari miaka ya sitini wanawakumbuka, wengine wakiwa mke na mume katika shule moja. Mwaka 1969 watu wa Peace Corps waliondoka Tanzania, wakarudi tena mwaka 1979. Kwa muda mrefu, basi, sisi tulikuwa wenyeji wa kupokea. Lakini mlango wa kutoka nao ulifunguliwa. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunda mpango wake wa watu wa kujitolea mwaka 1970, mpango ambao tangu mwaka 1996 makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani, na ambao haukuzigawa nchi kuwa za kutuma na za kutumiwa: Mtanzania aweza kupelekwa Nepal, na Mnepali akaletwa Tanzania. VSO nalo lilipata tawi lake Nairobi, likaitwa Jitolee, ambalo liliwaandikisha wataalamu wa kwetu kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine. Ndiyo maana mhadhara huu si wa kuwasifu wageni. Ni wa kuwatayarisha wana wetu.

Sasa nije kwenye kanuni, kwa sababu kanuni za taasisi huamua mambo mengi ya ndoa bila ya wenzi kutambua kwamba yameamuliwa. Peace Corps, ambayo utumishi wake ni miezi 27, yaani takriban miezi 3 ya mafunzo na miaka 2 ya kazi, huwataka mke na mume kila mmoja apeleke ombi lake, kila mmoja apimwe afya yake, na kila mmoja aonekane anafaa kwa kazi maalumu. Ndipo watafutiwe mahali penye kazi mbili zilizo karibu kiasi cha kuwawezesha kukaa nyumba moja. Wenzi wengi huiona kanuni hii kuwa ngumu, kwa sababu nchi zenye nafasi mbili za namna hiyo ni chache na kungoja kwaweza kuwa kurefu. Mimi naiona kuwa kanuni ya hekima. Katika mpango wa Umoja wa Mataifa mambo ni mengine: aghalabu mmoja ndiye apataye nafasi, na mwenziwe huandikwa kuwa mtegemezi wake, hupewa nyongeza ndogo ya posho kwa ajili yake, tena katika vituo vile tu ambavyo familia zimeruhusiwa kukaa, na kibali cha kuishi apewacho mtegemezi katika nchi nyingi hakimpi ruhusa ya kufanya kazi. Sikusudii kuwakataza kwenda kwa njia hiyo. Nakusudia mjue, kabla ya kusherehekea barua, kwamba mmoja wenu ataamka kila asubuhi akiwa na kituo cha kazi, wakubwa, wenzi wa kazini na jambo la kuulizwa, na mwingine ataamka akiwa na nyumba ya kupanga katika mtaa asioujua lugha yake.

Katika hali hiyo ndipo ndoa nyingi zinapoumia. Watu hudhani kwamba kinachowashinda wenzi ughaibuni ni joto, au baridi, au chakula, au upweke wa nchi ya watu. Nami nimewaona wenzi wakivumilia hayo yote kwa furaha, wakicheka juu ya maji ya kuchota na taa za mafuta, kwa sababu taabu iliyochaguliwa na wawili huwa kama mali yao ya shirika. Isiyovumilika ni ile taabu ambayo mmoja aliichagua na mwingine akaletewa. Siku ya kwanza ya homa, au siku ya habari mbaya kutoka nyumbani, yule aliyeletwa husema, au hata asiposema huwaza, «Wewe ndiwe uliyenileta huku», na neno hilo likiisha kuingia nyumbani halitoki upesi.

Kwetu sisi hatari hii ina sura mbili. Ya kwanza ni ile ya kale, ya mume arudiye na karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi, akaiweka mezani kama mtu aliyeleta zawadi, na mke akaipokea kwa adabu kwa sababu amefunzwa kuwa mke hufuata. Kukubali kwa adabu si ridhaa. Ya pili ni ya siku hizi, nayo huongezeka kwa kuwa wauguzi, wakunga na walimu wanaotakiwa mara nyingi ni wanawake: mke amepata kituo, mume hana, na mwanamume aliyezoea kuondoka asubuhi na kurudi jioni akaachwa na ufunguo wa nyumba na sufuria za jikoni, huku mila zetu hazikumpa neno lolote la heshima la kuiita hali yake mpya. Namjua muuguzi mmoja na mumewe mhasibu waliokutwa na jambo hili. Barua ya mke ilipofika, mume hakukasirika wala hakusema uongo kwamba amefurahi. Alisema waziwazi kwamba hatakwenda kukaa bure, na mke naye akaijibu taasisi kwamba atakwenda watakapopatiwa kazi wote wawili. Walingoja hata mwaka ukageuka, na jamaa wakawacheka kwamba wameichezea bahati. Kisha chama cha ushirika cha wakulima, katika wilaya ile ile ya hospitali, kikahitaji mtu wa kuweka vitabu vya hesabu sawa na kuwafundisha makarani wake, wakaenda, na wakamaliza muda wao.

Nalipendekeza jambo moja la kufanya, nalo halina gharama ila ya karatasi. Kila mmoja wenu na akae peke yake, aandike kwa mkono wake kwa nini ataka kwenda, anachokiogopa, na kitu gani hayuko radhi kukipoteza hata kwa kazi njema namna gani. Kisha mbadilishane karatasi, msome kimya, msijibizane siku hiyo. Imetokea watu wakagundua kwamba mmoja anakwenda kutumikia na mwingine anakimbia jambo nyumbani, ugomvi na wakwe, au msiba, au utasa unaoulizwa-ulizwa kila arusi na kila maziko. Kukimbia si dhambi, lakini jambo lililokimbiwa husafiri bila ya tikiti, na mwenziwe ana haki ya kulijua.

Kutoka hapo nawaleta kwa wale wanaobaki. Zamani za majahazi msafiri wa Arabuni au Bara Hindi alingoja kusi ndipo atweke, na pepo zenyewe zilimpa miezi ya kutengeneza mambo yake. Leo ndege yaondoka usiku na alfajiri mtu yuko bara jingine, hata deni la duka la jirani hajalipa. Watu wa pwani walioazimia kwenda kuhiji walijua la kufanya: walilipa madeni yao, walirudisha amana za watu, waliomba radhi kwa waliowakosea, waliandika wasia, na waliwaachia wategemezi wao masurufu ya muda wote wa safari. Sioni kwa nini mtu aendaye kutumikia wanadamu asishike utaratibu huo huo, awe wa dini yoyote.

Katika yote hayo, lililo gumu kuliko mengine ni fedha, na ni gumu kwetu kuliko kwa vijana wa Ulaya. Kijana wa Ulaya akisema anakwenda kujitolea, jamaa zake hudhani atakuwa maskini kwa muda. Kijana wa Tanga au wa Kisumu akisema anakwenda ng'ambo, jamaa zake hudhani atakuwa tajiri, na kabla ya ndege kuruka wamekwisha kumgawia karo za wadogo zake, mabati ya nyumba ya bibi na dawa za mjomba. Wala hawana kosa, kwa kuwa wamewaona wengine waliotoka wakaleta. Lakini posho ya mtu wa kujitolea imepimwa ili aweze kuishi mahali alipo kwa kiasi, kodi ya nyumba na chakula na nauli, haina ziada ya kuezekea nyumba mbili. Asipolisema hilo mapema atakuwa na hali mbili zote mbaya: huko atajinyima hata akaugua, na huku ataitwa bahili. Basi wenzi na waitishe kikao cha jamaa, cha upande wa mke na cha upande wa mume, na kila mmoja aseme mwenyewe kwa wazazi wake. Mume asiende kuwatangazia wakwe zake kwamba binti yao hatatuma kitu. Neno hilo likitoka kwa mkwe lasikika kama amewanyang'anya, na likitoka kwa binti mwenyewe lasikika kama ombi la radhi. Na yaelezwe kwa hesabu: tutakuwa na kiasi hiki, tutatumia hiki, na kama kuna kitakachotumwa ni hiki, kwa mzee huyu, kwa mwezi huu. Wazee wengi huielewa hesabu iliyo wazi kuliko ahadi iliyofungwa katika maneno matamu.

Wazazi walio wakongwe wataka zaidi ya fedha. Ulizeni nani atampeleka mama hospitali, na muulizeni huyo mwenyewe uso kwa uso, kwa maana kila ukoo una ndugu mmoja ambaye wote humdhania kuwa yuko tayari na ambaye hakuna aliyepata kumuuliza. Kisha aachiwe kadi za matibabu, majina ya dawa na nambari za waganga. Na wenye watoto wajue kwamba Peace Corps haipokei wenzi wanaofuatana na watoto, na kwamba taasisi nyingine huwapokea kwa masharti. Kumwacha mtoto kwa nyanya yake ni jambo la kawaida kwetu, nami mwenyewe nimelelewa hivyo, lakini kulelewa na nyanya wazazi wakiwa mjini, wakija Ijumaa hadi Ijumaa, si sawa na kulelewa naye wakiwa ng'ambo ya bahari. Kwa rai yangu, mtoto aliye chini ya umri wa kusoma barua asiachwe. Kazi ile itangoja au atapatikana mwingine wa kuifanya.

Madeni ya serikali na ya benki hayasamehewi kwa nia njema. Aliyekopeshwa kwa masomo ya chuo kikuu, awe Mtanzania au Mkenya, anadaiwa hata akiwa nje, na mwajiriwa wa serikali aombaye likizo bila malipo aipate kwa maandishi kabla ya kuondoka, pamoja na habari ya michango yake ya pensheni itakavyokuwa katika muda huo. Nyumba na shamba viwekewe wakala kwa hati ya uwakilishi iliyotiwa sahihi mbele ya wakili, nayo itaje mipaka: akusanye kodi, alipe ada, atengeneze paa, asiuze wala asiweke rehani. Ikiwezekana mtunza funguo na mwenye hati wawe watu wawili. Si kwa kuwashuku ndugu. Ni kwa kuwaepusha na majaribu na masengenyo, kwa sababu ndugu mwaminifu aliyepewa yote peke yake huishia kusingiziwa na wasiopewa kitu.

Cheti cha ndoa nacho kina habari yake. Wenzi wengi wa kwetu wamefunga ndoa halali mbele ya Mungu na ya wazee, kwa sheikh au kwa mahari yaliyohesabiwa uani, lakini hawana karatasi, na afisa wa viza hana njia ya kuwaita wazee wale. Tanzania Bara sheria ya mwaka 1971 iliweka utaratibu wa kuandikisha ndoa za namna zote, na Kenya sheria ya mwaka 2014 iliagiza kwamba ndoa za mila nazo ziandikishwe. Liwahini jambo hili, na mwangalie kwamba majina yaliyo katika cheti, pasipoti na vyeti vya shule yaafikiana herufi kwa herufi, maana tofauti ya Mohamed na Muhammad imekwisha kuwachelewesha watu wengi.

Juu ya afya nitasema kwa taadhima, kwa kuwa pwani yetu inalo kaburi la kutukumbusha. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, mmishenari wa Kijerumani, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito. Mwezi wa Julai wa mwaka huo huo mama yule alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto naye akafariki. Alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Zama zile hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu, na ujasiri ulikuwa ndio karibu kinga pekee waliyokuwa nayo. Sisi tunajua, na kwa hiyo hatuna udhuru. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kukubaliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 chafaa kwa maisha yote ya mtu, hivyo haifai kukingojea wiki ya safari. Mtu aliyekulia pwani asijidanganye kwamba malaria haimwezi: ile kinga aliyoipata kwa kuumwa-umwa utotoni hupungua akikaa miaka mahali pasipo ugonjwa huo, naye arudipo, au apelekwapo penye malaria kali, huugua kama mgeni. Na kuhusu uzazi, wenzi wazungumze kabla ya kwenda, kwa sababu taasisi nyingi humrudisha nyumbani mama mjamzito ikiwa kituo hakina huduma za kutosha, na mpango wa kazi ya wawili ukavunjika kwa jambo ambalo wangeweza kulipanga. Vipimo vya afya vifanywe na wote wawili, na majibu yake yajulikane na wote wawili.

Lugha na mafunzo visiwashtue. Katika baadhi ya nchi Peace Corps huweza kuwatenga mke na mume kwa wiki kadhaa za mafunzo, kila mmoja akakaa na familia yake ya wenyeji katika kijiji chake, kwa sababu kazi zao ni mbalimbali. Wenzi hulalamika, lakini kutengana huko kuna baraka yake, kwa maana wawili wakaao pamoja siku zote husemezana kwa lugha yao, hutafsiriana, na yule mwepesi wa ulimi huwa mkalimani wa mwingine hata muda wao ukaisha. Kuna hatari nyingine ifananayo na hiyo, ya wenzi kujifungia: wana nyumba yao, maongezi yao na faraja yao, na jioni hawana haja ya jirani, ilhali mtu aliyekwenda peke yake hulazimika kubisha hodi. Fanyeni miadi tangu mngali hapa kwamba kila mmoja atakuwa na marafiki wake na baraza yake. Litowa, karibu na Songea, katika miaka ya sitini, waliishi Mwingereza Ralph Ibbott, mkewe Noreen na watoto wao pamoja na wanakijiji wa Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, kijijini hasa, wala si katika nyumba za wazungu zilizojitenga. Na jumuiya ile ilipovunjwa mwaka 1969, jina lao halikutoka katika kumbukumbu za mkoa ule. Hayo hayapatikani kwa wenzi wanaokula chakula chao cha jioni mlango umefungwa.

Masanduku, kama nilivyosema, nayaacha. Neno moja tu: chukueni nguo za heshima, kwa kuwa mtaalikwa arusini na mazishini kabla hamjazijua njia za soko.

Limebaki la kurudi, nalo ni sehemu ya kuondoka. Mke na mume wapatane, kwa kalamu, kabla ya safari, juu ya mambo matatu yanayoweza kuwapata: mmoja akiugua akarudishwa; mzazi akifariki nyumbani, na nani aende kumzika ikiwa nauli ni ya mmoja tu; na kazi ya mmoja ikiharibika ilhali ya mwenziwe inastawi. Msiba ukifika hakuna awezaye kupima vizuri haki ya mwenziwe, lakini leo mnaweza. Nakala moja ya mapatano hayo na mwende nayo, na nyingine mwachieni wakala wenu, ili asije jamaa akadai kwamba mume ndiye aliyemkataza mke kumzika baba yake. Kisha waulizeni wale wanaowatuma: ikiwa mmoja wetu atarudishwa kwa ugonjwa, mkataba wa mwingine utakuwaje, na je, atapata tikiti ya kumfuata mwenziwe na nafasi ya kurudi kazini akitaka? Waulizeni hayo mkiwa wote wawili mezani, kabla ya kutia sahihi, na jibu lao mlitake kwa maandishi.